UZI: Ayub Ogada, nyatiti, na ile mvua ya saa kumi Kisumu

#1 MwalimuWaMilimani

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Jambo hili nimekaa nalo tangu wiki jana, na humu najua kuna wazee wa muziki, kuna Wajaluo wa kuzaliwa, kuna na watu kama mimi waliokuja mji huu kwa kazi wakaota mizizi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nafundisha Kiswahili shule ya upili. Mwaka wa kumi na moja huu niko Kisumu. Sisi wa pwani mvua tunaijua inatoka baharini. Hapa ziwa liko magharibi, lakini mvua ya alasiri hutujia kwa mgongo, kutoka upande wa vilima vya Nandi. Asubuhi jua linachoma, ziwa limelala. Kufikia saa tisa ukigeuka mashariki unaona weusi unajikusanya juu ya vilima. Upepo unabadilika ghafla, unakuja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine, mama mboga anavuta nailoni juu ya nyanya zake, mabati ya vibanda yanaanza kugonga. Ukiona hivyo una kama robo saa.

Jumatano iliyopita weusi ulikuwa umeshafika juu ya mtaa wa Mamboleo. Nikatoka ofisini na kukuta mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameketi kwenye kigoda nje ya chumba cha muziki, nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, imelala ubavuni kwake, amejikunja juu yake kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Alikuwa anapiga "Kothbiro". Wimbo huo nimeusikia kwa karibu miaka ishirini na nikiusikia moyo hunilegea. Nikamwambia, "Hebu acha huo wimbo wa huzuni, mvua hiyo, tuingie ndani."

Akajibu bila kuinua kichwa: "Mwalimu, si wa huzuni. Wenyewe ndio unasema tuingie ndani."

Nikasimama pale na marundo yangu ya insha. Koth ni mvua, biro ni inakuja. Hilo nililijua. Lakini sikuwahi kumwuliza mtu yeyote maneno mengine yanasema nini. Kijana akanieleza: anayeimba anawaita watoto, anawaambia mvua yaja, rudisheni ng'ombe nyumbani. Basi. Ni sauti ya mzazi aliyesimama kwenye ua akitazama mbingu. Mimi, mwalimu wa lugha, nimeulilia wimbo miaka yote hiyo kumbe unanihimiza nianue nguo.

Nimerudi nyumbani nikaanza kumsoma upya mwenye wimbo, Ayub Ogada, na nataka nimweke hapa kwa sababu naona tunampoteza. Ukitaja jina lake mjini huu, kijana wa miaka ishirini anakuuliza, "Ni yule wa kwenye filamu?"

Jina lake la kuzaliwa ni Job Seda. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, kwa hiyo kwa kuzaliwa ni mtoto wa kwetu, na kwa damu ni Mjaluo. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki, na alipokuwa mdogo familia iliishi Chicago, Marekani, baba yake akisomea udaktari. Kisha Nairobi. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, bendi iliyokuwa chini ya mwavuli wa ile nyumba ya sanaa ya Joseph Murumbi na Alan Donovan, ikichanganya ala za kienyeji na vyombo vya umeme. Aliigiza pia: katika filamu ya "Out of Africa" ya mwaka 1985 yumo, kwa jina la Job Seda, akiwa mhusika Kanuthia.

Baadaye akajiita Ayub Ogada. Mtakaofungua Biblia ya Kiswahili mtaona Job ndiye Ayubu. Kwa hiyo jina hakulitupa, alilileta nyumbani.

Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga London, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia sarafu. Hapo mimi hukwama kila nikifika. Mtu amebeba ala ya mti na ngozi ya ng'ombe, anaimba mambo ya boma na mifugo, ndani ya shimo ambalo mvua haifiki. Mwaka 1988 akapanda jukwaa la tamasha la muziki la WOMAD, na mwaka 1993 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake "En Mana Kuoyo", maana yake "ni mchanga tu". Ndipo "Kothbiro" ikazaliwa, mwaka 2005 ikatumika kwenye filamu ya "The Constant Gardener", na dunia nzima ikaijua kama wimbo wa msiba.

Alirudi Kenya, akaishi Nyahera, huko juu nyuma ya mji wetu. Mwaka 2015 ikatoka "Kodhi", kazi aliyoifanya na mpiga gitaa Trevor Warren. Kodhi ni mbegu. Alifariki Nyahera tarehe 1 Februari 2019. Februari hapa ni kiangazi, majani makavu, ng'ombe mbavu nje, na watu wanahesabu wiki kabla chwiri, yaani masika, haijafika.

Nachotaka kusema ni hiki: wimbo huu tumeupokea kutoka kwa wageni ukiwa umeshavishwa nguo zao. Nani humu anaukumbuka kabla ya filamu? Na nani ana mama au nyanya aliyekuwa akiita watoto namna hiyo?

#2 NyarKano

Mwalimu, umenigusa. Mimi ni mzaliwa wa Kano, karibu na Ahero, kwetu ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga na mto Nyando. Mama yangu alikuwa akiita hivyo hivyo. Si kwa wimbo, lakini sauti ile ya kuvuta, jina la mtoto likienda mpaka kwenye ukingo wa mto. Ukiisikia mara ya kwanza unajifanya hujasikia. Mara ya pili unaanza kutafuta ng'ombe wamefika wapi. Ya tatu hakuna, anakuja mwenyewe na fimbo.

Lakini nikupinge kidogo kwa heshima. Usiuondolee wimbo ule hofu yote. Wewe unaishi Milimani, mvua kwako ni kelele za mabati. Kwetu Kano "koth biro" ni maneno ya kusimamisha mtu chakula mdomoni. Mvua inanyesha huko juu Nandi na Kericho, sisi hatujaona hata tone, na Nyando unatufikia usiku. Mwaka 2020 nililala kwenye darasa la shule na watoto wangu wawili, na magunia mawili ya mchele ndiyo tuliyookoa. Mwaka huo huo ziwa nalo lilipanda likakataa kurudi. Kwa hiyo nikisikia ile sauti ya Ogada, jinsi anavyoirudia rudia polepole, nasikia mzazi anayejikaza asiwatishe watoto. Anawaambia warudi, hawaambii kwa nini.

Pia kuna radi. Huku radi inaua watu na mifugo. Mtoto aliye malishoni na ng'ombe chini ya mti si jambo la kuimba kwa furaha.

#3 JaNamLolwe

Mwalimu, uzi mzuri, asante. Nina marekebisho moja na si dogo. Umesema "Kothbiro" ilizaliwa na albamu ya 1993. Hapana. Mimi nina umri wa kukumbuka. Kabla ya nyatiti, kabla ya London, kabla hata ya African Heritage, Job Seda alikuwa kijana kwenye bendi ya Nairobi iliyoitwa Black Savage. Hao ndio walioirekodi "Kothbiro" mara ya kwanza, mwaka 1976, na waliokuwa nyuma ya utunzi ni wawili, yeye na James Mbarack Achieng. Sikiliza ile ya zamani: magitaa, ngoma za bendi, vijana wa mjini wenye nywele kubwa. Roki na fanki ya wakati ule, lakini maneno ni ya malishoni.

Ushahidi mwingine wa karibu: mwaka 2018 Kanye West alipotoa wimbo wake "Yikes", kipande alichochukua ni cha hao Black Savage. Vijana wangu nyumbani walikuwa wakiucheza siku nzima mpaka nikawaambia wazime kwanza, nikawawekea chanzo chake. Hawakuamini kwamba baba yao anaujua.

Kwa hiyo tusiseme wageni ndio waliotupa. Ulikuwa wetu, ukapigwa kwenye kumbi zetu, sisi ndio tuliousahau mpaka ukarudi na filamu.

#4 MwalimuWaMilimani

Jaduong', mzee wangu, nimekubali na nashukuru. Nimeitafuta ile ya 1976 usiku huu na nimeisikiliza mara nne. Umenivunjia nusu ya hoja yangu na umenipa nyingine nzuri zaidi.

Maana sasa nauona mwendo wa mtu huyu kinyumenyume. Wengi huanza na ala ya babu kijijini, halafu wanakuja mjini wanashika gitaa. Ndivyo benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, ilivyozaliwa: akina D.O. Misiani na George Ramogi walichukua vidole vya nyatiti wakaviweka kwenye gitaa la umeme, ndiyo maana lile gitaa la juu kwenye benga linakimbia kama mtu anayechapa nyuzi nane. Yeye alianza na gitaa za mjini, akiwa mtoto wa daktari aliyewahi kuishi Marekani, kisha akavua kitu kimoja kimoja. Akaondoa ngoma kubwa, akaondoa besi, akabaki na nyatiti na koo. Wimbo ni ule ule wa 1976. Ukizisikiliza zote mbili moja baada ya nyingine, ile ya kwanza mvua imeshafika na watu wanacheza ndani yake. Ya pili bado haijafika.

NyarKano dada yangu, na wewe nimekusikia. Naondoa lile neno nililotaka kulitumia, kwamba ni wimbo wa kazi tu. Kweli mzazi akiita watoto mvua inapokuja kuna mapenzi na kuna hofu kwenye pumzi moja. Pole sana kwa ya 2020. Sikuwa nimefikiria kwamba weusi ninaoutazama nikiwa kwenye veranda ndio maji yatakayowafikia nyinyi usiku.

#5 BodaKondele

Mi napiga boda Kondele, sijui muziki sana lakini nimesoma yote nikingoja abiria. Maswali mawili. Huyu mzee ana nyimbo gani zingine za kuanzia, kando na hiyo moja? Na hiyo nyatiti ni kitu gani hasa, mbona nikiiona kwenye harusi naona mtu ameketi chini tu na miguu inalia njuga?

#6 MwalimuWaMilimani

Ndugu yangu, maswali mazuri.

Chukua "En Mana Kuoyo" yote, nyimbo ni kumi. Majina yenyewe ni kama kutembea kijijini: "Dala" ni nyumbani, "Chiro" ni soko, "Ondiek" ni fisi, "Thum Nyatiti" ni muziki wa nyatiti. Ukimaliza, sikiliza ule wenye jina la albamu usiku umetulia. Ni mchanga tu. Mimi nikiusikia naona ufuo wa Dunga asubuhi, nyayo za wavuvi na za korongo zimechanganyika, na kufikia saa sita hakuna hata moja.

Kuhusu ala, ngoja nikuelezee niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu Ijumaa uzi wa nyatiti ya kijana wangu ulikatika na alinikalisha nimshikie.

Nyatiti ina nyuzi nane. Tumbo lake ni gogo lililochimbwa kama bakuli na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Juu kuna miti miwili inayotoka kwenye tumbo ikaungana na mti wa kukingama, na huko ndiko nyuzi hufungwa kwa vitambaa vilivyosokotwa. Hakuna misumari ya kukaza kama gitaa. Ukitaka sauti ipande unazungusha kitambaa kwa kidole gumba, kidogo kidogo, huku sikio liko chini. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Kijana alitoa mfukoni nailoni ya kuvulia samaki, ile ile inayouzwa kwa wavuvi, akaikata kwa meno.

Kitu nilichokuwa sikijui ni pale nyuzi zinapokanyaga ngozi. Kuna vipande vya matete vimepangwa na kugandishwa kwa nta ya nyuki. Nilidhani ni vya kuzuia uzi usikate ngozi. Akaniambia, "Hapa ndipo inapoongea." Akabonyeza nta kwa kucha, akapiga uzi, ukatoa sauti kavu. Akailegeza kidogo, akapiga tena, na ile mivumo ikaingia, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Ile mivumo unayoisikia nyuma ya sauti ya Ogada ni matete ya ziwani na nta. Mti, ngozi, mishipa, matete, nta. Nilikuwa nimeshika mbuga nzima mapajani.

Na miguu: kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaliwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga pembeni mwa tumbo la nyatiti. Njuga unazoziona huitwa gara. Kwa hiyo mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Kijana wangu pete yake alichongewa na fundi wa jua kali kutokana na bomba, ilikuwa kubwa, ameifunga kitambaa ndani isitoke.

#7 MtuWaWebuye

Nasoma nikiwa Webuye na naona mnazungumza kama nyuzi ziko kwa Wajaluo peke yao. Sisi Wabukusu tuna litungu, nyuzi saba, na jirani zetu Wagusii wana obokano, ile kubwa yenye sauti nzito inayotikisa kifua. Ukanda huu wote wa magharibi ni wa watu wa vinubi.

Babu yangu alipiga litungu. Alikuwa hapigi mvua ikinyesha, alisema ngozi inalegea na ala inadanganya. Anaiweka juu ya moshi jikoni mpaka jua litoke. Kwa hiyo nimecheka na kusikitika nikisoma kwamba wimbo maarufu kuliko yote wa nyuzi zetu ni wa mvua inayokuja. Huo ndio wakati wa mwisho mtu kuipiga ala kabla haijaharibika. Dakika chache baadaye haipigiki.

Babu alipofariki litungu yake ilipelekwa shule moja ya hapa "ihifadhiwe". Nilipokwenda kuiulizia baada ya miaka kadhaa iko stoo, ngozi imeliwa na panya. Kila mwaka watoto wanapigiwa nyimbo za mashindano kwa kinanda cha umeme. Sisemi kwa hasira, nasema kwa sababu Mwalimu yuko shuleni na anaweza kufungua mlango.

#8 JaNamLolwe

MtuWaWebuye umesema jambo zito. Hata yetu ngozi ikinyonya unyevu sauti inakufa.

Mwalimu, nikuambie kitu ambacho jathum wa zamani, yaani mpiga nyatiti, angekuambia akimsikiliza Ogada. Angesema: huyu anapiga vizuri, lakini watu wako wapi? Thum ya kwetu ilikuwa ya kelele. Jathum anaketi msibani au kwenye sherehe, pombe inazunguka, mtu anasimama, anatupa pesa, anasimamisha muziki ajisifu: mimi ni mwana wa fulani, simba wa mahali fulani, ng'ombe wangu hawahesabiki. Hiyo ndiyo pakruok. Halafu jathum anamsifu zaidi, anamchokoza jirani yake naye atoe. Usiku kucha mpaka asubuhi. Nyatiti ilipigwa kwa nguvu, oduong'o ikigonga kama nyundo, kwa sababu lazima ishinde kelele za watu mia mbili.

Ogada aliipunguza mpaka ikawa ya mtu mmoja na ng'ombe wake. Wazee wengine hawakupenda. Mimi mwenyewe miaka ya tisini nilisema hii ni ya Wazungu. Leo nina umri wa kulala mapema na ndiyo ninayoisikiliza. Nadhani alirudi nyuma zaidi ya jathum wa sherehe. Kabla mtu hajaitwa msibani kupiga, alikuwa kijana malishoni anajifunza peke yake chini ya mti. Hiyo ya malishoni haikuwa na wasikilizaji, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka. Yeye ndiyo aliyoileta.

Na usiku akina mama wakimsikia hawaulizi kama ni ya asili au si ya asili. Wananyamaza.

#9 MwalimuWaMilimani

Jaduong', hii ya malishoni nitaibeba darasani kesho.

Niongeze kuhusu akina mama, kwa sababu nina wasichana watatu wanaomzunguka yule kijana kila anapopiga na wananiuliza kama wanaruhusiwa. Kwa mila nyatiti ilikuwa ya wanaume. Lakini Suzanna Owiyo, mzaliwa wa Nyakach, aliiona kwa babu yake na ameipiga jukwaani. Ni yeye aliyeimba "Kisumu 100" mji ulipotimiza miaka mia mwaka 2001. Na kuna Mjapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, aliyekuja Siaya akakaa kijijini na kujifunza mpaka akapokewa. Mwanamke wa Tokyo ameruhusiwa. Wasichana wangu wa Nyalenda na Manyatta nitawaambiaje hapana?

MtuWaWebuye, nimeusoma ujumbe wako nikaenda moja kwa moja stoo. Siwezi kukudanganya: kwetu pia ala zilikuwa zimefungiwa, zinatoka msimu wa tamasha la muziki tu, zikimaliza zinarudi kizani. Nilikuta nyatiti mbili na orutu tatu, zile fidla za uzi mmoja. Nyatiti moja imepasuka tumbo. Ya pili ni nzima ila haina uzi hata mmoja. Nimeomba ufunguo ukae kwangu na nimepewa. Jumamosi tunakwenda Dunga kununua nailoni, na kijana ataonyesha wenzake jinsi ya kuweka nta. Nyuki tumeshawapata, mlinzi wetu wa usiku ana mzinga nyuma ya maabara ambao sikuwahi kujua upo.

Litungu ya babu yako ile fremu bado ipo? Ngozi inabadilishwa. Nitumie ujumbe wa faragha, nitamuuliza fundi aliyechonga zetu kama anaweza kuiwamba.

#10 MtuWaWebuye

Fremu ipo. Nimeichukua leo. Nimeipanguza vumbi, kuna alama za vidole vya mzee kwenye ule mti wa juu, pameng'aa kama mpini wa jembe. Nakutumia ujumbe.

#11 BodaKondele

Leo nimewasikilizisha abiria "Dala" kwa simu mpaka Nyahera. Mama mmoja mtu mzima, mfuko wa omena mapajani. Kupanda kile kilima nikapunguza mwendo, maana pikipiki ikinguruma huwezi kusikia chochote. Tulipofika hakushuka. Akasema ngoja uishe.

#12 NyarKano

Nilimtumia mama "Kothbiro", ile ya nyatiti. Simu yake ni ndogo lakini mjukuu humfungulia. Nilitaka kujua kama atasema ni wa huzuni au si wa huzuni, nije niwaambie nani kashinda.

Amenijibu kwa sauti, ninayo hapa. Hakusema chochote kuhusu muziki. Ameniuliza: "Huko kwenu imeshaanza? Hapa bado, lakini Nandi kumekuwa kweusi tangu saa nane. Nimeshawaingiza ndama."

#13 MwalimuWaMilimani

Mwambie huku ndiyo imeanza sasa hivi. Matone makubwa makubwa. Kijana yuko nje, namwita aingize nyatiti.